Mpiga Teke wa Vancouver



Nimeombwa niseme juu ya kazi. Yangu ni ya mafaili, haina hadithi. Nitasema ya mtu mwingine.

Lui Passaglia alizaliwa Vancouver, Kanada, mwaka 1954. Mpira wao si huu wetu: hushikwa kwa mikono, watu 12 kila upande, na kuangushana ni halali. Lakini kila timu ina mpiga teke. Mwenzake humshikia mpira chini, naye huupitisha kati ya nguzo mbili, juu ya mwamba, zikapatikana pointi 3. Kazi ya sekunde chache, mbele ya macho ya watu wote.

Aliifanya misimu 25, toka 1976 hadi 2000, kwa timu moja tu, BC Lions ya mjini kwao, akakusanya pointi 3,991.

Siku ninayoitaka mimi ni 27 Novemba 1994, fainali ya Kombe la Grey, Vancouver, dhidi ya Baltimore ya Marekani. (Ndiyo, miaka ile ligi ya Kanada ilikuwa na timu za Marekani.) Walikuwa 23 kwa 23. Ikiwa imebaki kama dakika moja, Passaglia akapiga, akakosa. Kwa sheria yao ya wakati ule, teke lililokosa liliweza bado kuleta pointi moja kama wapinzani wasingeutoa mpira nyuma ya mstari wao. Baltimore wakautoa mbio. Hata hiyo moja akanyimwa. Kisha Lions wakaupata mpira tena. Yadi 38, pigo la mwisho kabisa. Akaitwa yule yule aliyekosa, naye akaenda. 26 kwa 23.

Mimi nilikosa penalti kidato cha tatu, katika uwanja huo hapo nje. Wiki mbili baadaye tukapata nyingine, kapteni akaniita. Nikashika paja, nikachechemea. Akapiga yeye, ikagonga mwamba, tukatolewa. Alilaumiwa mpaka tulipomaliza kidato cha nne, nami nikanyamaza.

Kapteni yule ameketi safu ya pili. Ndugu yangu, paja halikuwa linauma.