Indiketa Zinapokimbia: Kutafuta Hitilafu Baada ya Kufunga Balbu za LED

Mada kwa semina ya mafundi umeme wa magari



Malalamiko ya mteja huwa ni yale yale. Kanunua seti nzima ya LED, kafungiwa mbele na nyuma, zinawaka safi, lakini akiweka indiketa zinapiga mbio. Anaambiwa flasha imekufa. Ananunua nyingine ya aina ile ile, mbio zinabaki pale pale. Sasa anaambiwa LED alizouziwa ni feki. Feki zipo, sikatai, ila mara nyingi hapo hakuna kilichokufa wala kilicho feki. Flasha inafanya kazi iliyotengenezewa: inamtaarifu dereva kwamba kuna balbu imeungua.

Kwa hiyo ninachotaka tukubaliane leo ni hiki: kabla ya kuuza spea yoyote, fundi ajue ndani ya gari lile ni nani anayepepesa indiketa, na anatambuaje kwamba balbu ipo. Ukishajua hayo mawili, kazi iliyobaki ni ndogo.

Flasha inasoma nini

Balbu ya kawaida ya indiketa ni ya wati 21. Gari dogo lina moja mbele, moja nyuma, na mara nyingi kadogo ka wati 5 ubavuni. Jumla ni wati 47 kwa upande mmoja, yaani karibu ampia 3.9 kwenye volti 12. Mzigo huo umeandikwa juu ya flasha yenyewe. Ichomoe uisome: utakuta kitu kama 12V, 21W×2+5W, na pembeni 85 c/m, maana yake mapigo 85 kwa dakika. Wengi wetu tunaichomoa na kuirudisha bila kuyatazama maandishi hayo, na jibu la nusu ya matatizo limo humo.

Flasha za zamani, zile za kopo la duara lenye pini mbili, zilifanya kazi kwa joto. Ndani kuna bamba la metali mbili. Umeme wa balbu unalipasha, linapinda, linakata, linapoa, linarudi. Ukiweka LED umeme unakuwa mdogo mno kulipasha, kwa hiyo taa inawaka moja kwa moja bila kupepesa, au inapepesa kwa uvivu. Ukikuta dalili hiyo, usitafute tena: ni flasha ya joto.

Flasha za kielektroniki, ambazo ndizo zimejaa kwenye Toyota zinazotoka Japani, hazitegemei joto. Ndani mna ukanda mdogo wa metali wenye ukinzani hafifu sana, na chipu inapima volti zinazopotea juu ya ukanda huo. Tuchukue mfano wa ukanda wa miliomu 30. Balbu zote zikiwa nzima, ampia 3.9 zinaacha takriban milivolti 117. Balbu moja ya wati 21 ikiungua zinabaki ampia 2.2 hivi, na chipu inasoma milivolti 65. Hapo inaongeza kasi hadi karibu mara mbili ili dereva ashtuke. Sasa weka LED pande zote: nyingi hazifiki hata wati 5, tuseme upande mzima unakula ampia 0.6. Chipu inaona milivolti 18. Kwake yeye balbu zimekufa karibu zote.

Kasi yenyewe ina mipaka. Kanuni za Umoja wa Mataifa za taa za magari zinataka mapigo 90 kwa dakika, zikiruhusu 30 juu au chini. Yaani kati ya 60 na 120. Japani nao wanakagua kwa kipimo hicho cha 60 hadi 120. Huhitaji kifaa chochote: tazama saa, hesabu kwa sekunde 15. Ukipata kati ya 15 na 30, gari liko sawa. Kuna wateja wanaodhani zinakimbia kumbe ziko 100, na wengine wamezoea 150 wakadhani ndio urembo wa LED.

Kipimo cha balbu ya zamani

Usizitupe balbu za wati 21 ulizozitoa. Rudisha moja tu, nyuma kwa mfano, halafu washa upande huo. Ikiwa mbio zinapungua, au zinaisha kabisa ukirudisha na ya mbele, umeshathibitisha kwamba tatizo ni mzigo na si waya. Ikiwa na balbu zote za zamani bado zinakimbia, basi gari lilikuja na ugonjwa wake: soketi imeota kutu, erthi imelegea, au balbu ya ubavuni ilishaungua siku nyingi na hakuna aliyejali.

LED isiyowaka kabisa ni suala jingine. Balbu ya filamenti haijali chanya na hasi; LED inajali. Zile za kusukuma zenye shina bapa unaweza kuziingiza kinyume, kwa hiyo zichomoe, zigeuze, zirudishe. Za kuzungusha zenye mwili wa chuma hazina tatizo hilo, ila angalia vipini vya ubavuni: balbu ya rangi ya chungwa huwa na vipini visivyokabiliana, na soketi yake pia. Ukiona mtu anakisaga kipini kwa tupa ili balbu iingie, mnyang'anye tupa.

Na rangi, maadam tumeitaja. Nyuma ya kioo cha chungwa weka LED ya chungwa. LED nyeupe ina bluu nyingi ambayo kioo hicho kinaizuia, na kinachobaki ni mwanga uliopauka usioonekana saa saba mchana.

Kushoto inawasha na kulia

Hitilafu hii ndiyo inayowachanganya mafundi kuliko zote, na ni ya pikipiki nyingi pamoja na magari ya zamani. Mteja kaweka LED, kafunga na flasha mpya inayozikubali, kasi ni nzuri, lakini akiwasha kushoto zinapepesa zote nne kama hazadi. Swichi inalaumiwa, inafunguliwa, inasafishwa, inarudishwa, na bado.

Tazama dashibodi. Ukikuta taa moja tu ya kijani kwa pande zote mbili, umempata mchawi. Taa hiyo haina erthi yake. Mguu mmoja umefungwa kwenye waya wa kushoto, mwingine kwenye waya wa kulia. Ukiwasha kushoto, moto unapita ndani ya taa hiyo, unaingia waya wa kulia, na unaipata erthi kupitia balbu za kulia. Kibalbu cha wati 2 kinapitisha takriban ampia 0.17 tu, na balbu ya wati 21 hata haishtuki kwa kiasi hicho. LED kwa ampia 0.17 inawaka vizuri kabisa.

Dawa yake ni daiodi mbili, 1N4007 zinatosha. Chomoa nyaya zote mbili za taa ya dashibodi. Waya wa kushoto upitie daiodi ya kwanza, wa kulia upitie ya pili, na miguu ya upande wenye mstari mweupe iunganishwe pamoja kwenye mguu mmoja wa taa. Mguu wa pili wa taa upeleke erthi. Moto sasa unaingia kutoka upande wowote lakini hauvuki kwenda wa pili. Lehemu, vika mpira wa joto, na uzipime daiodi kwa mita kabla hujazifunga, si baada.

Resista au flasha?

Resista inayouzwa madukani kwa kazi hii ni ya omu 6, wati 50, ndani ya ganda la dhahabu. Inafungwa sambamba na LED, kutoka waya wa indiketa kwenda erthi. Ukiifunga mfululizo, yaani katikati ya waya, LED itafifia kidogo na mbio zitabaki. Injini ikinguruma kwenye volti 13.8, inakula ampia 2.3 na kutoa joto la karibu wati 32 kila inapowaka. Hizo wati 50 zilizoandikwa zinahesabiwa ikiwa imefungwa kwa skrubu kwenye bati. Ikining'inia, au ikigusa plastiki ya taa na mkungu wa nyaya, dereva akiacha hazadi saa nzima barabarani utaitwa kwa sababu ya harufu.

Binafsi nachagua kubadili flasha kila inapowezekana. Umeme unabaki mdogo na hukati waya wowote. Flasha ya LED yenye pini tatu inahitaji moto, kutoa na erthi. Kwenye magari ya Kijerumani namba zake ni 49, 49a na 31. Mpangilio wa pini hutofautiana hata kama plagi inaingia, kwa hiyo pima kwa testa kwanza. Toyota nyingi zina flasha ya pini nane inayoendesha indiketa na hazadi kwa pamoja, na za LED za umbo hilo zipo sokoni.

Kuipata ni suala la kufuata mlio chini ya dashibodi. Lakini magari ya karibuni yanakudanganya: mlio unatoka kwenye spika ya dashibodi, na anayepepesa ni kompyuta ya bodi. Washa hazadi, gusa rilei moja moja kwa vidole. Ukikosa inayogonga, flasha ya kubadili haipo. Humo imebaki resista, au kubadili mpangilio kwa mashine ya daignosi ikiwa gari linaruhusu. Baadhi ya kompyuta hizo pia hutuma mapigo mafupi ya ukaguzi taa zikiwa zimezimwa, ndiyo maana LED inafifia-fifia usiku gari limeegeshwa. Hapo pia resista ndiyo inayotibu.

Njia zote mbili zinampokonya mteja kitu: LED ikifa baadaye, flasha haitakimbia kumwonya. Mwambie kabla hajalipa, na uandike kwenye karatasi ya kazi. Mwambie vilevile kwamba indiketa huwaka sekunde chache kwa kona, kwa hiyo umeme anaookoa ni kidogo sana. Akitaka LED kwa taa za kuegesha na za breki, mfungie, na indiketa umwachie balbu zake za wati 21. Faida yako itapungua siku hiyo.

Kwa zoezi la mchana kila kundi litahitaji balbu mbili za wati 21, testa, mita na saa yenye mkono wa sekunde.