Siku ya Ishirini na Mbili

Amri ya Mei 2025 ilipandisha kima cha chini cha mshahara nchini Kongo (DRC) kutoka faranga 7,075 kwa siku hadi 14,500, kisha 21,500 kuanzia Januari 2026. Ukifanya kazi siku 26, ni faranga 559,000. Si haba.

Lakini hapa migodini Kolwezi swali gumu ni jingine: mwajiri wako ni nani hasa? Mgodi ni wa kampuni moja, fulana uliyovaa ina jina la kampuni nyingine, na mkataba wenyewe, kama upo, ni wa mkandarasi mdogo.

Sheria ya Kazi ya 2002 inasema kibarua wa kutwa aliyekwisha kufanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wake mpya unahesabiwa kuwa wa kudumu. Ndiyo maana wajanja humpumzisha mtu akikaribia siku ya 22. Kibarua, andika tarehe zako kwenye daftari. Nawe mwajiri, mkaguzi wa kazi akija ataomba karatasi, na fulana haitakujibia.