Ada ya Uzamili Itoke Wapi?
Mazungumzo na watumiaji wa huduma za fedha mkoani Singida

 

Nimeombwa nizungumzie jambo linalowagusa walimu, wauguzi, maofisa ugani na vijana wengi wa mkoa huu waliokwisha kuhitimu shahada ya kwanza na sasa wanatamani shahada ya uzamili. Jambo lenyewe ni hili: fedha za masomo hayo zinapatikana wapi, na kwa masharti gani?

Tuchukue mfano. Mwalimu mmoja wa Iramba amepokea barua ya kukubaliwa chuoni. Amebakiwa na wiki mbili kulipa awamu ya kwanza ya ada, shilingi 1,000,000. Karibu na stendi upo ubao unaotangaza mkopo wa papo kwa papo, na katika simu yake ipo programu inayoahidi vivyo hivyo. Uamuzi wake katika wiki hizo mbili unaweza kumfikisha kwenye shahada, au kumwachia deni bila shahada.

Ushauri wangu ni mmoja: kabla hujapokea fedha, ijue ni fedha ya aina gani. Ipo isiyorudishwa, ipo ya kwako mwenyewe, na ipo ya kukopa. Itafute kwa mpangilio huo huo.

Fedha isiyorudishwa ni ufadhili. Benki Kuu ya Tanzania ina Mfuko wa Ufadhili wa Masomo wa Mwalimu Julius K. Nyerere, ulioanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya wanafunzi waliofanya vizuri, wakiwamo wa uzamili, katika fani zinazotajwa kwenye tangazo lake. Serikali ya Uingereza hutoa ufadhili wa Chevening kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, na mwombaji hutakiwa kuwa na uzoefu wa kazi wa miaka miwili. Upo ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ambao baadhi yake ni wa masomo kwa njia ya masafa, na upo wa shirika la Ujerumani la DAAD. Aidha, baadhi ya miradi ya utafiti katika vyuo vyetu hulipia wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Mwulize mkuu wa idara kabla hujajisajili.

Zingatieni mambo mawili. La kwanza ni muda: maombi ya Chevening hufungwa karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza, hivyo anayesubiri barua ya chuo ndipo aanze kutafuta mfadhili amekwisha kuchelewa. La pili ni ulaghai: kuomba Chevening au ufadhili wa Jumuiya ya Madola hakulipiwi hata senti. Mtu anayekudai ada ya fomu au pesa ya kuharakisha jina lako, usimpe.

Fedha ya kwako mwenyewe ni akiba na mshahara, na huenda mbali zaidi gharama zikipunguzwa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo chake hapa Singida. Anayesoma huko huendelea na kazi, wala hapangi chumba Dodoma au Dar es Salaam. Kiulize chuo chochote kama ada hulipwa kwa awamu, na awamu hizo ni ngapi. Mtumishi aombe ruhusa ya masomo kwa maandishi, na asome vizuri mkataba wowote unaomtaka kumtumikia mwajiri baada ya kuhitimu.

Sasa tuje kwenye kukopa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Si kila mkopo huishia matangani, lakini kila mkopo una hesabu yake.

Hesabu ya kwanza ni deni la zamani. Wengi wetu, nami nikiwamo, tulisomeshwa shahada ya kwanza na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Nafuu ilikuja mwaka 2021, ilipoondolewa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Hata hivyo, mwenye mshahara wa shilingi 900,000 bado hukatwa shilingi 135,000 kila mwezi. Mtumishi wa umma pia anatakiwa abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi, yaani shilingi 300,000 kwa mfano wetu. Makato yote, ikiwamo kodi na hifadhi ya jamii, yapangwe juu ya mstari huo.

Hesabu ya pili ni riba. Mwalimu wetu akikopa shilingi 1,000,000 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi inayotozwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, riba itafika shilingi 420,000. Riba hiyo hiyo ikikokotolewa juu ya salio linalopungua kila anaporejesha, atalipa shilingi 227,500. Asilimia ni ile ile, tofauti ni shilingi 192,500. Kwa hiyo usiulize asilimia peke yake. Uliza: mpaka nimalize, nitakuwa nimelipa shilingi ngapi kwa jumla? Jibu lake liwe kwenye karatasi.

Ile mikopo iitwayo kausha damu ni jambo jingine. Kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, mwalimu huyo atalipa shilingi 200,000 kila mwezi kwa riba tu, na baada ya mwaka atakuwa ametoa shilingi 2,400,000 huku milioni aliyokopa ikiwa bado palepale.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni au usajili. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuzifungia programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Basi omba kuona leseni. Linganisha na SACCOS yako na benki inayopitisha mshahara wako. Usimwachie mkopeshaji kadi ya benki wala namba ya siri, na usitie saini fomu yenye nafasi zilizoachwa wazi. Dai nakala ya mkataba siku ile ile.

Ukidhulumiwa, anza kwa kulalamika kwa maandishi kwa aliyekukopesha, utunze nakala na risiti zote. Usiporidhika, peleka malalamiko Benki Kuu.

Namrudia mwalimu wa Iramba. Kama hesabu haikubali, akiulize chuo iwapo anaweza kuahirisha kuanza hadi mwaka ujao, naye autumie mwaka huo kuweka akiba na kuomba ufadhili. Mwaka mmoja wa kusubiri unavumilika kuliko miaka ya kumlipa mkopeshaji kwa shahada iliyokatishwa njiani.