Kuanguka kwa baiskeli: usidharau jeraha dogo

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Busia, ambako jina la boda boda lilizaliwa kwa ajili ya baiskeli za kuvusha abiria mpakani. Leo tuzungumze kuhusu jambo linalompata karibu kila mwenye baiskeli: kuanguka na kuchubuka. Huenda unajiuliza, "Hilo nalo ni la kuletwa redioni?" Ngoja nikusimulie.

Asubuhi moja nilikuwa nikienda kumtembelea mama aliyejifungua, katika kijiji kilicho mbali na lami. Njia ile ni ya changarawe, na ndiyo ng'ombe wanayopitishwa kwenda mtoni kunywa maji. Nilipokuwa nateremka, breki ilikataa kushika, gurudumu la mbele likaingia shimoni, na mimi huyo chini! Baiskeli huku, mkoba kule. Goti lilichubuka, na kiganja kikapasuka, kikajaa mchanga na samadi.

Mzee aliyekuwa akichunga mbuzi alikuja mbio. "Pole sana daktari. Ngoja nikuletee majivu yakaushe damu." Nikamjibu, "Asante sana baba. Mimi naomba maji na sabuni tu." Akamtuma mjukuu wake, akaja na jerikeni ya maji na kipande cha sabuni.

Nikiwa nanawa, kijana wa boda boda ya baiskeli alisimama kunisaidia. Nilimwona kidole gumba cha mguu kimefungwa kitambaa cheusi kwa grisi. Akaniambia alichomwa na msumari siku mbili zilizopita, akapaka mafuta ya taa, akaendelea na kazi. Nikamuuliza, "Na sindano ya pepopunda ulichomwa lini?" Akacheka. "Sista, hiyo si ya akina mama wajawazito? Na wewe je, ulichomwa lini?"

Msikilizaji, nilinyamaza. Mimi ninayewauliza wengine kila siku, mara yangu ya mwisho ilikuwa nikiwa mwanafunzi wa uuguzi, zaidi ya miaka 10 iliyopita. Na nilikuwa nimeshaamua moyoni kufunga kiganja kwa leso na kuendelea na safari.

Sasa, pepopunda ni nini? Ni ugonjwa unaoletwa na bakteria wanaoishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama. Watu wengi hudhani ni kutu ya msumari inayouleta. Sivyo. Ni uchafu ulioko kwenye msumari, spoki au cheni ndio unaoingiza bakteria hao mwilini. Nao hupenda mahali pasipo na hewa. Kwa hiyo tundu dogo lililoingia ndani, kama lile la kidole cha kijana yule, laweza kuwa la hatari kuliko mchubuko mpana unaotisha macho.

Dalili mara nyingi huanza kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia, pengine kidonda kimeshapona na umekisahau. Taya hukaza, mdomo hauwezi kufunguka vizuri. Shingo hukakamaa, kumeza huwa shida, na tumbo huwa gumu kama ubao. Baadaye mwili wote hushtuka na kukaza, hata kwa kelele ndogo au mwanga. Ukiona dalili hizi, usingoje kuche, na usidhani mtu amerogwa. Mpeleke hospitali mara moja. Ugonjwa huu huua.

Ukianguka, fanya hivi. Kwanza, nawa mikono yako. Kama damu inatoka, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Ikipungua, mimina maji safi juu ya jeraha kwa dakika kadhaa, uoshe kwa sabuni mpaka mchanga utoke. Kisha funika kwa kitambaa safi na kikavu. Usiweke majivu, udongo, samadi, mafuta ya taa wala grisi. Kama kuna kitu kimezama ndani sana, usikivute. Kiache kitolewe na mhudumu wa afya.

Halafu nenda kwenye zahanati siku hiyo hiyo, hasa kama jeraha limeingia ndani, limeachama, halikomi kutoka damu, au lina uchafu. Na kama siku zimepita, nenda vilevile. Kama jeraha ni chafu na imepita miaka 5 tangu sindano yako ya mwisho, unahitaji nyingine. Mtu mzima ambaye hajawahi kuchanjwa huanza leo, hurudi baada ya wiki 4, na tena baada ya miezi 6. Usikatize njiani. Watoto nao hupewa chanjo hii wakiwa na wiki 6, 10 na 14, kwa hiyo kitunze kile kijitabu cha kliniki.

Nanyi akina baba na vijana, nawasihi. Akina mama huchomwa sindano hii wanapokuwa wajawazito. Ninyi hamna kliniki ya kuwakumbusha, na ndio mnaoshinda na majembe, mifugo na baiskeli.

Siku ile kijana alinipakia kwenye keria, tukaenda zahanati pamoja. Kidole chake kilikuwa kimeanza kutunga usaha. Kilisafishwa vizuri, akapewa dawa, na sote wawili tukachomwa sindano. Yeye aliandikiwa tarehe ya kurudi, kwa sababu hakukumbuka kuwahi kuchanjwa. Mama yangu wa kijijini nilimfikia saa nane mchana, mkono ukiwa na bandeji. Naye alinipa pole kabla sijampa hongera!

Sasa msikilizaji, nami nakuuliza kama nilivyoulizwa: wewe ulichomwa lini? Kama hukumbuki, zahanati iko. Na breki za baiskeli, kaza leo. Mimi zangu nimekaza.

Hadi wiki ijayo, kaa salama. Kwaheri.