SAMAKI MGENI: TUMTAMBUE KABLA YA KUMWOGOPA NA KABLA YA KUMLA

(Mazungumzo ya mhamasishaji wa jamii kwa wakazi wa kambi, Gisenyi)



Leo tunazungumza juu ya samaki. Vijana wanaokwenda kuchota maji au kutafuta kuni hurudi wakati mwingine na samaki waliyemkuta katika kidimbwi au kijito. Akiwa tilapia hakuna neno, anaingia sufuriani. Lakini akiwa samaki tusiyemjua, maneno huanza. Mmoja anasema ana sumu. Mwingine anasema ni mtoto wa nyoka. Wa tatu amekwisha washa moto. Mwishoni chakula kizuri kinatupwa, au samaki mbaya analiwa na watoto. Yote mawili ni hasara, na kwetu sisi tunaoishi kwa msaada ni hasara kubwa.

Naomba tukubaliane juu ya jambo moja: ugeni wa samaki si ubaya wake. Samaki mgeni atambuliwe kwa alama zake. Ubaya tuutafute katika maji alimotoka na katika hali ya mwili wake.

KISA CHA RWANDA RUSHYA

Hapa karibu, katika Ziwa Kivu, jambo la namna hii limekwisha tokea. Mnamo mwaka 2006 alionekana ziwani samaki mdogo ambaye hakuwa amejulikana humo. Wavuvi walikuwa wakimtafuta sambaza kama kawaida, na wavu ukatoa samaki mwingine: mwili mwembamba, macho makubwa, na madoa ya buluu yanayong'aa yaliyopangwa kwa mistari ubavuni. Wavuvi wakampa jina la Rwanda Rushya, maana yake Rwanda Mpya.

Jina hilo lilisema kwamba amekuja karibuni. Halikusema ni nani. Wataalamu wa samaki walimtazama kwa makini, wakalinganisha alama zake na za samaki wa maziwa mengine, wakampata. Ni samaki wa Ziwa Tanganyika, na jina lake la kitaalamu ni Lamprichthys tanganicanus. Vitabu vya wataalamu vilikuwa vimekwisha mwandika tangu mwaka 1898. Kwa hiyo hakuwa samaki mpya duniani. Alikuwa mgeni Kivu tu.

Alifikaje? Mto Rusizi unatoka Kivu na kushuka hadi Tanganyika. Kivu liko juu kuliko Tanganyika kwa karibu mita 700, na njiani kuna maporomoko na kuta za mabwawa ya umeme. Ni vigumu samaki mdogo kupanda njia hiyo. Inaelekea aliletwa na watu, kwa kusudi au kwa bahati mbaya.

Wazee wetu watakumbuka kwamba hata sambaza mwenyewe ni mgeni. Aliletwa kutoka Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, akatiwa Kivu kwa sababu hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vidogo vya katikati ya ziwa. Leo hatuwezi kufikiri Gisenyi wala Goma bila sambaza, wala bila zile mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja na kuwashwa taa usiku. Lakini kila mgeni ana matokeo yake: Rwanda Rushya hula pia vijidudu anavyovitegemea sambaza, na kwa sababu hiyo watafiti wanamfuatilia. Hilo ndilo faida ya kumtambua mtu au kitu kwa jina lake: unajua anakula nini, anakaa wapi, na umtazamie nini.

MASWALI MATANO YA KUULIZA

Mtu hahitaji kuwa mtaalamu ili kuanza. Mweke samaki katika beseni la maji safi au juu ya jani pana, kisha uliza:

1. Ngozi yake ikoje? Ana magamba au ni laini?

2. Ana sharubu mdomoni? Hesabu ngapi.

3. Pezi la mgongo liko wapi? Limeanzia karibu na kichwa, katikati, au karibu na mkia? Lina miiba au ni laini?

4. Mkia una umbo gani? Umegawanyika kama uma, ni wa mviringo, au umekatika wima?

5. Alikamatwa wapi, naye ana urefu gani? Pima kwa rula ya mwanafunzi, au kwa shubiri.

Rangi iandikwe pia, lakini mapema. Samaki akifa rangi hufifia, na watu wawili waliomwona saa mbalimbali watabishana bure.

Tujaribu kwa sambaza na Rwanda Rushya, maana wakichanganyika wakiwa wadogo wengi huwakosea. Sambaza ana rangi ya fedha, mkia wake umegawanyika kama uma, na pezi la mgongo liko katikati. Rwanda Rushya ana pezi la mgongo lililorudi nyuma karibu na mkia, mdomo wake umeelekea juu, na ana yale madoa ya mistari. Pezi peke yake linatosha kuwatenganisha.

YULE ANAYEITWA MTOTO WA NYOKA

Sasa turudi kwenye vidimbwi vyetu. Samaki anayeleta hofu kuliko wote ni yule mrefu, mweusi, anayeteleza, asiye na magamba. Muulize maswali matano. Ngozi: laini. Sharubu: jozi nne, yaani nane. Pezi la mgongo: refu, laini, linakwenda karibu mpaka mkiani. Mkia: wa mviringo. Kichwa: kipana na kigumu kama mfupa.

Huyo ni kambare. Si nyoka, maana nyoka hana mapezi wala sharubu. Watu humwogopa pia kwa sababu hukaa muda mrefu nje ya maji bila kufa, na usiku wa mvua anaweza kujikokota juu ya majani kutoka kidimbwi kimoja hadi kingine. Hapana uchawi. Ndani ya kichwa, juu ya matamvua yake, ana kiungo kinachomsaidia kuvuta hewa kama sisi. Jihadharini tu na mwiba mgumu ulio katika kila pezi la ubavuni, huchoma mkono.

Wako ndugu zetu ambao imani yao hairuhusu kula samaki asiye na magamba. Hiyo ni haki yao, na tuiheshimu. Lakini mwiko wa dini na sumu ni mambo mawili. Anayesema "mimi sili" asiseme "huyu anaua".

MAJI NDIYO YA KUOGOPWA

Hapa naomba akina mama wanisikilize zaidi. Samaki anaweza kuwa wa kawaida kabisa, jina lake tunalijua, na bado akaleta ugonjwa.

Usichukue samaki uliyemkuta amekwisha kufa akielea. Hujui kilichomuua. Pengine ni dawa ya mashamba, pengine mtu ametia sumu majini ili avue kwa urahisi. Wakiwa wengi wamekufa pamoja, waondoe watoto hapo na utoe habari siku ile ile.

Usichukue samaki wala maji katika kidimbwi kinachopokea maji ya vyoo. Mnamo Julai 1994, ng'ambo ya mpaka huko Goma, kipindupindu kiliua maelfu kwa maelfu ya wakimbizi katika majuma machache. Kipindupindu hakiulizi mtu ametoka upande gani.

Tena, nchi hii ni ya volkeno. Katika mabonde madogo na mashimo ya huku Gisenyi na Goma hutuama ile hewa mbaya tunayoiita mazuku. Haionekani, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hukaa chini, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mbuzi akishuka huanguka. Mtoto akishuka huanguka mbele ya mtu mzima, kwa kuwa yeye ni mfupi. Ukiona ndege au wanyama wamekufa shimoni, usishuke, hata kama chini kuna maji na samaki. Na mwenzako akianguka humo, usimfuate peke yako. Ita watu.

TUFANYE HIVI

– Samaki asiyejulikana asitupwe na asipikwe mara moja. Mlete kwa mhamasishaji au kiongozi wa kijiji chako cha kambi akiwa bado mbichi.

– Tutajibu maswali matano pamoja na kuyaandika katika daftari. Mzee aliyewahi kuvua Kivu, Edward au Tanganyika aitwe. Macho yake ni shule.

– Tukishindwa, tutawauliza wavuvi wa ushirika wa hapa au afisa wa mifugo wa sekta. Mwambieni kweli samaki ametoka wapi.

– Kabla ya kupika, tazama: macho yawe angavu, matamvua yawe mekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Macho yakiwa yamezama na harufu ikiwa kali, mtupe. Aliye mzima apikwe mpaka aive hadi mfupani, na mikono ioshwe kwa sabuni.

– Vyandarua vya mbu si nyavu. Kuvua navyo kunamaliza vifaranga vya samaki, kumekatazwa, na kunamwacha mtoto na malaria. Katika Ziwa Kivu uvuvi unahitaji kibali, na kila mwaka husimamishwa kwa muda ili samaki wakue.

– Usimhamishe samaki hai kutoka maji haya kwenda maji yale. Mmekwisha sikia mgeni mmoja anavyoweza kubadili ziwa zima.

Vijana wanaojua kusoma na kuandika, tunahitaji wanne wa kutunza daftari la samaki, wawili wasichana na wawili wavulana. Malipo hakuna, lakini kazi ipo. Jiandikisheni kwa mhamasishaji wa kijiji chenu.

Kama kuna maswali, wazee waanze.