Kuzaa Si Kazi, Kazi ni Kulea
Hotuba ya Karani mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu waheshimiwa, akina mama, na ndugu wanachama wa Homa Bay na Migori,

Nimepewa heshima ya kusema maneno machache juu ya mama mmoja aliyezaliwa katika nchi yetu, akaishi karibu miaka mia, na jina lake likavuka bahari. Naye ni Mama Sarah Onyango Obama. Ulimwengu ulimjua kwa ajili ya mjukuu wake, Barack Obama, aliyekuwa Rais wa Marekani tangu 2009 hata 2017. Lakini leo naomba tumkumbuke kwa kazi aliyoianza kabla mjukuu huyo hajazaliwa.

Alizaliwa mwaka 1922 kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kendu Bay. Akaolewa na Mzee Hussein Onyango Obama, mtu wa Kanyadhiang katika Karachuonyo, na makao yao yakawa Kogelo, katika nchi ya Alego. Mke mwenziwe, Akumu, aliondoka akarudi kwao, akawaacha watoto. Mmoja wao ndiye Barack, aliyekuja kuwa baba wa rais. Mama Sarah hakumzaa mtoto huyo, ila alimlea kama wa tumbo lake.

Yeye mwenyewe hakusoma shule. Mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 92, alisimulia ya kuwa barua zilikuwa zikimfikia naye hawezi kuzisoma. Kwa hiyo alikusudia kwamba watoto wa nyumba yake wasiwe hivyo. Akampakia mtoto nyuma ya baiskeli kila siku, akamwendesha kilomita 9 kutoka Kogelo mpaka shuleni Ng'iya. Wazee wangu, mwazijua njia zetu: vumbi wakati wa kiangazi, na matope ya kunata wakati wa mvua. Kutoka Ng'iya mtoto yule alifika Maseno, na mwaka 1959 akaenda Chuo Kikuu cha Hawaii.

Mimi ni karani, na kazi yangu ni barua. Siku moja alinijia bibi mmoja, barua ameifunga katika ncha ya leso. Alikuwa ametembea nayo majuma mawili, akiona haya kumwomba mtu amsomee. Ilikuwa ya mjukuu wake, yatima, kwamba amepata nafasi katika shule ya sekondari. Nilipoitazama tarehe, siku ya kuripoti ilikuwa imekwisha kupita. Nilimsomea, na sikujua niyaelekeze wapi macho yangu.

Mabibi wa namna hiyo ni wengi katika kaunti zetu. Tangu UKIMWI ulipotambuliwa Kenya mwaka 1984, nchi ya kandokando ya ziwa imeumizwa kuliko sehemu nyingi, na mizigo ya wazazi waliokufa ikawaangukia akina dani. Zamani watoto wa dala walilala katika siwindhe, wakafunzwa na mwanamke mzee, wawe wamezaliwa naye au la. Mama Sarah aliishika desturi hiyo, akaiongezea shule. Aliwapokea yatima, wengine akawalea nyumbani mwake, na mfuko uliopewa jina lake ukasaidia chakula, sare, vifaa na karo.

Alifariki Kisumu tarehe 29 Machi 2021. Kwa kuwa alikuwa Mwislamu, alizikwa Kogelo kesho yake. Hakuna aliyesema kwamba ameaibishwa kwa kuzikwa upesi, bila siku nyingi za karamu. Heshima yake haikungoja jeneza. Ilikuwa imekwisha kujengwa na wale aliowalisha na kuwasomesha.

Ndugu zangu, sasa naingia katika neno gumu. Mmesikia hesabu ya mtunza hazina asubuhi ya leo. Tulipopatwa na misiba tulichanga upesi, tukakodi magari, tukachinja. Lakini mfuko wa karo umebaki mdogo, na wapo watoto wa marehemu wale wale ambao leo wamekaa nyumbani. Wazee watasema kwamba kumzika mtu vema ndiyo desturi yetu. Ni kweli, wala sina ulimi wa kuwapinga. Siwaombi tuache kuwazika watu wetu kwa heshima, wala tufuate sheria ya dini isiyo yetu. Naomba hili moja: katika kila mchango wa msiba, sehemu itengwe kabla ya gharama nyingine zote, iwe karo ya watoto walioachwa katika nyumba ile. Tena kila tawi liwe na mtu mmoja, mwanamume au mwanamke, wa kuwasomea mabibi barua zao bila malipo. Kwa tawi letu, mtu huyo nitakuwa mimi.

Wahenga walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mama Sarah hakuweza kusoma barua, lakini aliwalea watu walioziandika. Sisi tunaojua kusoma tutaulizwa tumemlea nani.