Majina ya Kuandikwa Katika Daftari la Marehemu: Hotuba ya Walimu Kuhusu Filamu ya "Kinubi cha Burma"



Kamati imetupa nafasi ya kusema juu ya filamu tuliyoionyesha Jumamosi usiku, na kueleza kwa nini tuliileta katika juma hili la ukumbusho wakati wengi walitarajia ngoma na mpira. Tunajua kwamba baadhi yenu mliondoka kabla haijafika nusu, kwa kuwa haina rangi, mapigano yake ni machache, na jenereta nayo ilizimika mara mbili. Tunajua pia kwamba waliokaa nyuma hawakusikia vizuri tafsiri yetu ya Kiswahili na Kinande, maana tulikuwa tukipiga kelele bila kipaza sauti. Kwa hiyo tutaanza kwa kuisimulia kwa kifupi.

Filamu hii ilitengenezwa Japani mwaka 1956 na Bwana Kon Ichikawa, kutoka katika kitabu cha Michio Takeyama. Baadaye, mwaka 1985, Ichikawa mwenyewe aliitengeneza tena kwa rangi, lakini sisi tulipata ile ya kwanza. Inahusu kikosi cha askari wa Kijapani huko Burma mwaka 1945, wakati vita vinakaribia kwisha na wao wameshindwa. Nahodha wao amesomea muziki, akawafundisha askari wake kuimba. Mmoja wao, aitwaye Mizushima, anapiga kinubi. Wanazingirwa na Waingereza katika kijiji, na badala ya kupigana pande zote mbili zinaimba wimbo mmoja, kila upande kwa lugha yake. Hapo ndipo wanapopata habari kwamba Japani imekwisha kusalimu amri, nao wanaweka silaha chini.

Sasa kuna kikosi kingine cha Wajapani juu ya mlima kinachokataa kusalimu amri. Mizushima anatumwa kwenda kuwashawishi. Anapewa dakika thelathini. Anawaambia kwamba vita vimekwisha. Wanamwita mwoga na msaliti. Anaomba waongezewe muda, hawataki. Dakika zinakwisha, mizinga inaanza, na karibu wote wanakufa. Wenzake wanapelekwa katika kambi ya wafungwa huko Mudon wakidhani naye amekufa. Kumbe amepona, amevaa joho la mtawa (joho la kuiba, tusiwafiche watoto), anatembea kwa miguu kuwafuata. Njiani anakutana na maiti za wenzake kandokando ya mto, zimeachwa kwa ndege. Anapofika karibu na kambi anawaona wauguzi wa Kiingereza wakiimba wimbo wa kanisani juu ya kaburi la askari wa Kijapani asiyejulikana jina. Waliokuwa maadui wanamzika mtu wao! Hapo miguu inamrudisha mtoni. Wenzake wanapanda meli kurudi kwao, yeye anabaki kuzika. Sababu zake wanazisoma katika barua wakiwa tayari baharini.

Ndiyo filamu yenyewe. Sasa tuseme kwa nini inatuhusu.

Katika vibanda vya video vya Kasese na Bwera vijana wetu wameona vita vingi. Katika filamu nyingi za namna hiyo kazi ya Mjapani ni kuanguka. Anatokea mtini, anapiga kelele, anapigwa risasi, na mfasiri anafanya utani juu yake watu wacheke. Hana mama, hana kijiji, hana jina. Tulitaka vijana waone mara moja tu mtu yule yule anayeanguka, akiwa ndiye mwenye hadithi.

Tena huko Burma si mbali nasi kama tunavyodhani. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana na Wajapani hao katika bonde la Kabaw, wakati wa mvua kubwa, hadi wakafika Kalewa mwezi wa Desemba na kuvuka mto Chindwin. Walikuwamo askari wa King's African Rifles kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasaland, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili hiki tunachosema hapa. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Walikufa karibu watu 1,300, na mamia kati yao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Wazee wetu wa Kongo nao walifika. Hospitali ya vita kutoka Kongo ya Wabelgiji, yenye wauguzi Wakongomani, iliwahudumia majeruhi wa Burma. Mmoja wa waliokwenda huko, Koplo Albert Kunyuku, alivishwa nishani na Mfalme Philippe wa Ubelgiji mjini Kinshasa mwezi wa Juni 2022, naye akiwa ametimiza miaka mia.

Hata hivyo, ukiitazama filamu yote kuanzia mwanzo hadi mwisho hutamwona askari mmoja mweusi. Hili lilitusumbua, na tutalirudia.

Ndugu zetu, sasa tufike kwenye daftari.

Wote mnajua kwamba kamati ilinunua daftari ili tuandike majina ya watu wetu waliokufa, yasomwe siku ya ukumbusho. Wazo ni jema na tunalisifu. Wengi wetu tulivuka Mpondwe bila kuzika. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza huko Beni, watu wamekimbia Oicha, Eringeti, Mbau na Mutwanga wakiacha maiti ndani ya nyumba, shambani na njiani. Wako wazee kati yetu waliozika kipande cha mgomba kwa kukosa mwili. Daftari basi si karatasi tu. Kwa mama ambaye hajui mwanawe alilala wapi, mstari ule ni kaburi.

Shida ilizuka katika juma la pili. Ilikubaliwa kwamba waandikwe raia tu, na kwamba mtu aliyekufa akiwa na bunduki asiandikwe. Siku hiyo hakuna aliyepinga. Lakini sisi walimu ndio tunaoandika, kwa sababu tuna mwandiko, na tumeona yanayotokea jioni watu wakipungua. Mama anakuja akiwa na majina matatu. Anataja la kwanza, anataja la pili, la tatu linamkwama. Tunamwuliza, "Mama, na huyu?" Anasema, "Huyu acheni, mwalimu." Mwingine anataja jina, tukiuliza alikufa vipi anasema ugonjwa, na jirani yake aliye nyuma anakohoa.

Watoto hawa ni akina nani? Wengine waliingia Mai-Mai kwa hiari yao, wakidhani wanalinda kijiji. Wengine walichukuliwa usiku na watu wa msituni. Mtoto aliyetekwa akiwa na miaka kumi na miwili, akafa na miaka kumi na mitano akiwa amebeba bunduki ya waliomteka, tumwandike upande gani? Ni raia siku ngapi na askari siku ngapi? Darasani tunaye mwanafunzi ambaye wenzake wanamwambia kwamba kaka yake hana jina. Wanajua maana yake. Neno hilo limetoka katika daftari letu.

Sasa tunaomba mtuvumilie, maana upande wa pili una haki yake, na ni mzito.

Hapa hapa Bwera, usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wauaji walivuka mpaka wakaingia Shule ya Sekondari Lhubiriha pale Mpondwe. Waliwaua watu zaidi ya arobaini, wengi wao wanafunzi waliokuwa mabwenini, baadhi wakateketea kwa moto. Wenyeji waliotupokea ndio waliowazika watoto hao. Mzee mmoja wa hapa alituuliza baada ya filamu: "Walimu, mnataka tulie pamoja na walioua?" Hatukumjibu haraka. Wazazi wa Lhubiriha hatukuwaalika Jumamosi, na hatutamwalika hata mmoja wao kutazama filamu yenye kumlilia askari. Asije mtu akasema walimu wa wakimbizi wamewafundisha wenyeji kusamehe. Kusamehe ni mali ya aliyepotelewa; mgeni hawezi kuigawa.

Na hapa ndipo tunapoilaumu filamu. Inawalilia Wajapani waliokufa, na inawalilia vizuri. Lakini reli kati ya Thailand na Burma, iliyomalizika Oktoba 1943, Wajapani waliijenga kwa kazi ya kulazimishwa. Walikufa wafungwa wa vita zaidi ya 12,000, na vibarua wa Kiasia makumi ya maelfu. Filamu haiwataji. Waburma wenyewe, wenye nchi, wanapita tu barabarani wakiuza ndizi na kusali. Mizushima anazika mifupa ya wenzake katika udongo wa watu, na hakuna anayemwuliza kuhusu mifupa ya wenye udongo. Bwana Ichikawa alichagua nani wa kuliliwa, nasi tunaona amechagua nusu.

Kwa hiyo hatusemi tuige filamu. Tunasema daftari letu lisiwe nusu kwa upande wowote ule.

Wako wanaosema kwamba kuandika jina ni kumsifu mtu. Tulilifikiria sana neno hili, na hatukubaliani nalo. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba katika Vita vya Kwanza vya Dunia watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Wengi walikuwa wapagazi, wale wa Carrier Corps walioacha jina la Kariakoo pale Dar es Salaam. Wakubwa walioona kwamba Mwafrika hahitaji jiwe lenye jina hawakuwa wakipima nani alikuwa mwema. Walikuwa wakipima nani ni mtu. Miaka mia baadaye wajukuu bado hawana mahali pa kuweka ua. Jina haliondoi kosa. Kosa linaweza kuandikwa karibu na jina, na mahakama ikitaka siku moja, itajua pa kuanzia.

Basi tunaleta ombi, na tunaliandika katika jarida hili ili lisomwe na wote, hata watumishi wa mashirika ambao wametuuliza kama jambo hili litaleta ugomvi kambini. Huenda likaleta. Ugomvi upo tayari, ila unafanyika kimya.

Tunaomba kila jina litakaloletwa liandikwe: jina, umri, mahali alipofia au alipoonekana mara ya mwisho. Upande usiandikwe, wala kabila. Majina ya waliouawa bila silaha yasomwe kwanza, yote, polepole, na katikati yao wasomwe wanafunzi wa Lhubiriha ikiwa wazazi wao watakubali. Wasipokubali tunyamaze kwa dakika moja bila kutaja. Baada ya hapo iimbwe nyimbo moja au mbili, ili anayetaka kuondoka aondoke bila kutazamwa. Ndipo yasomwe majina mengine. Hatumlazimishi mtu kukaa.

Kuna jambo la pili, nalo ni dogo. Fomu za ujumbe wa Msalaba Mwekundu zinapofika, zinasomwa kwa sauti mbele ya watu kwa kuwa wengi hawajui kusoma. Tunaomba ziache kusomwa hivyo. Baadhi ya wanaoandika bado wako msituni, na mama hawezi kusikiliza habari za mwanawe huku majirani wanahesabu. Walimu watatu wamejitolea kumsomea kila mtu nyumbani kwake. Katika filamu, barua ilisomwa mbele ya kikosi kizima, na hakuna aliyeona haya, maana wote walikuwa upande mmoja. Sisi hatuko hivyo.

Kuhusu vijana walioniuliza, "Mwalimu, kwa nini wale wa mlimani hawakushuka?", tumeliweka swali hilo kwa darasa la saba na tumepata majibu mengi. Mmoja aliandika kwamba waliogopana wenyewe kwa wenyewe kuliko walivyoogopa mizinga. Mwingine, ambaye hatutamtaja, aliandika kwamba dakika thelathini hazitoshi, na kwamba yeye alihitaji miezi minne. Tulimpa alama zote.

Kamati itajadili ombi letu Jumatano. Hadi hapo daftari liko shuleni, katika chumba cha kwanza, kila siku baada ya masomo hadi giza linapoingia. Kurasa za mwisho tumeziacha wazi. Mwenye jina la tatu aje nalo. Tutaliandika kwa penseli kwanza, na kamati ikikubali tutalipitishia wino.